Mita 60 za Mto Kiwira

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mimi ni fundi sanifu wa maji. Kazi yangu ni kupima kina na kasi ya mito, kuchota sampuli, na siku hizi kuhesabu wadudu wanaoishi chini ya mawe. Kamba ya mita 60 nimeivuta kwenye kingo za Kiwira, Mbaka na Lufilyo, juani na mvuani. Naiheshimu sheria ile, na mahali pengine imetuokoa. Lakini kamba ni moja na mto si mmoja. Kiwira unaochuruzika kwenye msitu wa Rungwe na Kiwira unaomwaga maji Ziwa Nyasa una jina moja tu. Huko na huko hauli chakula kimoja, hauna wakazi wale wale, wala hauugui maradhi ya aina moja.

Wengi wetu wa Kyela hatujawahi kuuona mto wetu ukiwa mdogo. Huku tambarare tunaupokea umeshakuwa mpana, mzito, umeshiba tope, na ikifika Aprili tunaukimbia. Kilele cha Mlima Rungwe kiko mita 2,960 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kama mita 474. Kati ya kilele na ufukwe, kwa ndege arukaye moja kwa moja, ni kilomita 50 hivi. Mito mikubwa ya dunia hutumia mamia ya kilomita kushuka kiasi hicho. Kwetu inatosha Coaster moja: asubuhi unanunua viazi pale Kiwira sokoni ukiwa umejifunika sweta, adhuhuri uko Kyela mjini unatafuta kivuli cha miti ya kokoa. Ufupi huo una raha kwa mpimaji, maana katika siku moja anauona mto wote. Una ubaya wake pia. Kinachomwagwa mtoni karibu na Tukuyu leo, wakati wa masika, kesho kiko ziwani.

Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake wanne huko Marekani walichapisha makala iliyobadilisha namna wataalamu wanavyoutazama mto. Kabla yao wengi waliukata mto vipande, hapa ukanda wa samaki huyu, pale ukanda wa yule. Wao wakasema mto ni mfululizo, na kila sehemu inaishi kwa mabaki ya sehemu iliyo juu yake. Kwenye chanzo mto ni mwembamba na umefunikwa na miti, jua haliingii, kwa hiyo hauoti kitu; unalishwa na majani yanayoanguka. Katikati unapanuka, jua linafika kwenye mawe, utelezi wa kijani unaota, na mto unaanza kujilisha wenyewe. Chini unakuwa mpana na wenye tope, jua halipenyi tena, na wakazi wake wanakula chembechembe zilizosafirishwa kutoka juu. Wadudu nao wanajipanga kwa vinywa vyao: wakataji wa majani juu, wakwanguaji wa utelezi katikati, wala tope chini, na wachujaji wa maji popote penye mkondo wa kuwaletea. Nilipofundishwa haya chuoni nilidhani ni habari za mito ya huko kwao. Nilipoanza kugeuza mawe ya Kiwira nikakuta mengi yanakubali na machache yanagoma. Hayo yanayogoma ndiyo yanayonipa kazi.

Nianze na juu. Kijito cha msituni ni chembamba kiasi kwamba mtoto anakiruka. Maji ni baridi, yanauma vidole, na yanaonekana masafi kama hayana kitu ndani. Namna ya kuyachunguza ni nyepesi. Unasimama mtoni, wavu wa mpini umeuweka chini yako mkondo unakoelekea, kisha unasugua na kupiga mawe kwa miguu ili vilivyojificha vibebwe na maji viingie wavuni. Unamimina kwenye beseni jeupe. Unasubiri kidogo, tope linatulia, na beseni linaanza kutembea. Wapo wenye mikia mitatu myembamba kama nywele, wapo waliojijengea nyumba za vijiti na punje za mchanga na kutembea nazo. Kila jamii ya wadudu ina alama zake kwa jinsi inavyostahimili uchafu, na Tanzania tuna utaratibu wetu wa kuwapa alama hizo, unaoitwa TARISS, uliotengenezwa kutokana na ule wa Afrika Kusini. Ukijumlisha alama unapata hali ya mto bila kusubiri maabara. Chupa ya sampuli inakwambia maji ya dakika ile tu. Mdudu amekaa pale wiki na miezi, na sumu iliyopita usiku yeye anaijua.

Hapo juu ndipo nadharia inapogoma. Katika vijito vya Marekani na Ulaya kazi ya kukata majani hufanywa na wadudu wengi mno. Watafiti waliokuja kwenye vijito vya milima ya Afrika Mashariki waliwatafuta wadudu hao wakakuta ni wachache, wakashangaa nani basi anayamaliza majani. Jibu walikuwa wanalikanyaga. Ni kaa. Kaa wa mtoni, yule wa rangi ya udongo ambaye watoto wa Rungwe humtoa chini ya jiwe kwa kijiti, ndiye mkataji wetu mkuu wa majani. Jani likianguka linalowa, kuvu na bakteria wanalilainisha, kisha kaa analichana vipande, anakula kidogo na kupoteza kingi. Vipande anavyopoteza ndivyo chakula cha walio chini yake, hadi chini kabisa. Mvuvi wa Ngonga, huku Kyela, anayemkanyaga kaa mdogo na kusonya hajui kuwa sehemu ya samaki wake imepitia kwenye makucha yale.

Kaa akitoweka kijitoni, majani yanarundikana na kuoza pale pale. Anatowekaje? Wakulima wa viazi mviringo hunyunyiza dawa za ukungu na za wadudu, na bomba likiisha dawa linasuuzwa kwenye maji ya karibu. Sumu kidogo iliyobaki ndani ya bomba, kwenye kijito cha upana wa hatua moja, si kidogo tena. Jambo jingine ni mikaratusi. Mti ule unakua haraka, unauzwa nguzo na kuni, nami siwezi kumlaumu mzazi anayesomesha watoto kwa mikaratusi. Lakini jani lake ni gumu, lina mafuta, linachelewa kulainika, na wala majani wa mtoni hawalipendi. Kijito kilichopandwa mikaratusi pande zote mbili kina kivuli kizuri kabisa, na chini ya kivuli hicho beseni langu linakuwa tupu kuliko nilivyotarajia. Mtu akipita barabarani anaona miti na kusema hapa wanatunza mazingira.

Sasa ile kamba. Niliwahi kuivuta kwenye shamba la mzee mmoja upande wa Rungwe, shamba lenye kijito katikati. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniacha nimalize kupima huku ameegemea jembe. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mita 60 upande huu na mita 60 upande ule, mimi nibaki na nini? Viazi nipande juu ya bati?" Sikuwa na jibu la sheria lililomtosha. Kijito cha upana wa mita moja, ukikipa mita 60 kila upande, kimemeza bonde zima la familia. Kwa hiyo watu hawaitii hata kidogo: wanalima mpaka majini. Ninaloliona kwa macho ya beseni ni hili. Chemchemi yenyewe iachwe na msitu wake wote, na hapo sibishani na sheria hata kwa mita moja. Lakini chini ya chemchemi, kijito kinahitaji zaidi miti ya asili iliyoshikana kuliko upana. Mstari wa miti wa mita chache, usiokatika, unaofuata kila kijito hata kile kisicho na jina, unalisha mto vizuri kuliko mita 60 zilizoandikwa kwenye kibao na kulimwa zote. Mzee yule alisema mistari miwili ya miti angeweza. Akaongeza "ndaga", asante ya Kinyakyusa, tukaagana.

Kutoka hapo mto unashuka kwa fujo. Kiwira unapita kwenye mawe meusi ya volkano, unapita chini ya Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga, na kule Kijungu unatumbukia kwenye shimo la mwamba na kuibukia mbele. Wageni hupiga picha pale. Mimi napapenda kwa sababu nyingine: hakuna mashine ya kupulizia oksijeni majini inayoweza kuyashinda maporomoko yale. Volkano imetupa zawadi nyingine pia. Miamba na majivu ya Rungwe vinanyonya mvua na kuitoa polepole kwenye chemchemi, ndiyo maana Kiwira na Mbaka haikauki Septemba wakati mito ya sehemu nyingine za nchi ni mchanga mtupu. Na kila chemchemi inayoingia mtoni katikati ya safari inaurudisha mto nyuma kidogo, inaupa ubaridi na usafi wa juu. Kwa hiyo mfululizo wa Vannote kwetu haushuki kama mstari. Unashuka kwa kurukaruka.

Katikati hapa, palipo na mwanga na mkondo mkali, kuna mkazi ambaye hakuna anayempenda: usubi. Eneo la Tukuyu limo katika maeneo ya nchi yetu yanayojulikana kwa ugonjwa wa usubi, ule unaoanza na kuwasha ngozi na mwisho hupofusha macho. Watu wa Rungwe, Kyela na Ileje wanawajua wagawa dawa wa vijiji wanaopita nyumba kwa nyumba, wakikupima urefu kwa fimbo ili wajue vidonge vingapi vya ivermectin umeze. Inzi mwenyewe anakuuma ukingoni, lakini utoto wake wote ameupitia ndani ya maji. Lava wa usubi hujishikiza kwenye jiwe au jani lililozama, mkia chini kichwa juu, na kichwani ana mapepeo mawili ya nywele yanayochuja maji yanayopita. Bila mkondo wa kasi hali na hapumui. Mwaka 1950 watafiti wa usubi huko Kenya waligundua kuwa lava wa aina iliyokuwa ikiwapofusha watu wa Nyanza walikuwa wakijibandika mgongoni mwa kaa wa mtoni. Kabla ya hapo walikuwa wakigeuza mawe bila kuwaona. Wa kwetu Tukuyu ni wa jamii inayokaa kwenye mawe na majani. Ninapowaona wamejipanga weusi kwenye jiwe mikono hunisisimka, kwa kuwa najua wakiota mabawa watafanya nini.

Hata hivyo ushahidi lazima usemwe wote. Lava wa usubi ni mfanyakazi mkubwa wa mto. Chembe anazozichuja ni ndogo kiasi kwamba walio wengi hawawezi kuzila. Yeye anazimeza, anazifunga, anazitoa kama kinyesi kizito kinachotua chini, na hapo konokono, minyoo na wadudu wengine wanapata riziki. Wapo wanaoniuliza kwa nini tusimwage dawa mtoni tumalize inzi. Kenya walifanya hivyo kwa DDT katika mito ya Nyanza, na usubi ule wakaumaliza. Lakini ile ilikuwa zama nyingine, na inzi wa aina nyingine. Katika Kiwira dawa hiyo ingeondoka na kila kitu kilichomo kwenye beseni langu kabla ya kufika kwenye nyavu za Itungi, huko ziwani. Vidonge vinatosha, mradi watu wavimeze kila vinapogawiwa.

Kinachoniudhi katikati ya mto ni lori. Pale mto unapoanza kupunguza kasi unaacha kokoto kwanza, kisha mchanga mnene. Hiyo ndiyo mali ya wajenzi. Vijana wanachota kwa sepetu, lori linasogezwa hadi majini, na kwa msimu mmoja kitanda cha kokoto kilichokuwa cha mita kadhaa kinakuwa shimo lenye maji yaliyosimama. Nyumba zinahitaji mchanga, sikatai. Ila kokoto zile zina mwenyewe, naye ni samaki ambaye Kyela nzima inamtaja kwa heshima.

Mbasa. Mwili wa fedha, mrefu, nyama inayofanya mgeni asahau alichokuja kukifanya. Ukubwani anaishi ziwani akiwinda usipa. Mvua zikianza kujaza mito anaingia mdomoni mwa mto na kupanda juu dhidi ya mkondo, akitafuta mahali penye kokoto safi na maji yenye kasi na oksijeni. Anataga hapo. Vifaranga vinakaa mtoni kwa muda, kwenye maji tulivu ya pembeni, kabla ya kurudi ziwani. Ni samaki wachache wa kwetu wanaoutumia mto wote kwa namna hii. Ziwa linamlisha, katikati panamzalia, na usafi wa juu ndio unaoamua kama mayai yatapumua au yatafunikwa na tope. Leo mbasa amepungua sana, na wataalamu wa kimataifa wamemweka kwenye orodha ya samaki walio hatarini kutoweka.

Ukimuuliza mtu wa Rungwe kwa nini mbasa haonekani atakwambia wavuvi wa Kyela wamemmaliza kwa nyavu. Ukimuuliza mvuvi atakwambia maji yanashuka machafu kutoka kwa wakulima. Wote wawili wanasema kweli, na kila mmoja anasema ile kweli inayomhusu mwenzake. Nimeona nyavu za makila zimezuia mdomo wa mto kutoka ukingo hadi ukingo siku ambazo mbasa wanapanda wakiwa na mayai. Nimeona migono imepangwa kwenye mapito ya mkondo, na utupa umetwangwa na kumwagwa kwenye vidimbwi vya kiangazi, ukaua hadi vifaranga visivyofaa hata kukaangwa. Na nimeona pia kitanda cha kokoto ambacho hakijaguswa na wavu wala sepetu, kimefunikwa na tope laini baada ya mvua moja iliyonyesha juu ya mashamba mapya yaliyolimwa kufuata mteremko. Yai la samaki chini ya tope hilo halipati hewa. Halihitaji mvuvi kulimaliza.

Tuingie sasa tambarare. Mto unapoingia Kyela mteremko unakwisha ghafla. Mawe yanakwisha, kokoto zinakwisha, unabaki mchanga na baadaye udongo laini. Beseni langu linabadilika rangi na wakazi. Wenye mikia mitatu wanapungua, wanaingia minyoo, lava wekundu wanaostahimili maji yenye oksijeni kidogo, na konokono wa kwenye majani. Kwenye matete wapo kambale na magege, juu yao korongo, na mahali pengine mamba, ambaye ndiye sababu ya mimi kutosimama mtoni huku chini kama ninavyosimama kule juu.

Kwa nadharia ya 1980 mto wa chini ni mla mabaki tu. Hapa tena Kyela inagoma, na safari hii kuna nadharia nyingine inayotuunga mkono. Mwaka 1989 Wolfgang Junk na wenzake, waliofanya kazi Amazon na mito mingine mikubwa, waliandika kwamba mto wa tambarare haulishwi tu na kinachoshuka kutoka juu; unalishwa kutoka pembeni, pale mafuriko yanapotoka kwenye kingo, yanapotandaa nchi kavu na kurudi. Sisi hatukuhitaji kwenda Amazon. Masika ikishika, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe yote inatoka kitandani mwake. Maji yanaingia kwenye majani, yanaozesha mabua, vijidudu vinazaliana kwa wingi wa ajabu, na kambale na magege wanaingia humo kuzaa kwenye maji ya magotini, ya moto, yasiyo na mkondo. Yakipungua, vifaranga vinarudi mtoni na udongo unabaki. Tambarare yote ya Kyela ni zao la tope hilo, lililoletwa na mito kutoka kwenye volkano na milima kwa maelfu ya miaka. Mchele wa Kyela unaotafutwa hadi Dar es Salaam unaota juu yake.

Simaanishi kwamba mafuriko ni sherehe. Yanaingia ndani, yanabomoa kuta za matofali mabichi, yanajaza vyoo, na nyuma ya vyoo vilivyojaa kinakuja kipindupindu. Nimebeba vifaa vyangu kwa mtumbwi mahali ambapo wiki moja kabla nilipita na pikipiki. Lakini tunapoandika mafuriko kama janga tupu tunaanza kutafuta dawa isiyofaa: tuta refu la udongo pande zote mbili. Tuta linaukata mto na mashamba yake. Mchanga ambao ungetandazwa shambani unabaki mtoni, kitanda kinapanda, na mwaka ambao tuta linapasuka maji yanashuka kwenye nyumba kutoka juu. Kujenga mbali kidogo na juu kidogo, na kuiacha mbuga iwe mbuga, ni kazi ndefu zaidi, lakini ndiyo ninayoiona inafaa.

Na mto wa chini hautulii. Unakula ukingo mmoja na kujenga mwingine, unaacha kona zake za zamani zikawa madimbwi yenye umbo la mwezi mchanga, unajifungulia mdomo mpya. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliufanya Songwe kuwa mpaka, kana kwamba wakubwa wale waliuona mto ukiwa umesimama. Songwe hubeba tope jingi na hujipinda tambarare kila unapotaka, hivyo mtu wa Katumba Songwe aweza kulala shamba lake likiwa Tanzania na baada ya masika likawa ng'ambo. Tanzania na Malawi zimelazimika kuwa na mpango wa pamoja wa bonde la mto huo, na kutuliza mkondo wake ni sehemu ya sababu. Mahali kama hapo mita 60 zinapimwa kutoka wapi? Nimepanda vigingi ambavyo baadaye vilikutwa katikati ya maji, na vingine vimebaki kulinda dimbwi ambalo mto ulishalihama. Kule juu kamba ilimeza shamba la mzee. Huku chini haimtoshi hata mwenye kibanda cha kuku.

Mdomoni kabisa kuna mgeni mwingine wa kuhesabiwa, nalo ni ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa miaka. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire huko Malawi, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kukaushwa na jua. Kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilikuwa limeshuka kiasi kwamba Shire haukutoa maji. Mwaka 1980 lilikuwa juu sana. Ziwa likiwa juu, mto unakutana na maji yaliyosimama mapema zaidi, unapoteza nguvu, na kumwaga mchanga wake ukiwa bado ndani ya Kyela. Ndipo mafuriko yanapozidi ingawa mvua huenda ni ile ile. Bandari ya Itungi, iliyo karibu na mlango wa Kiwira, imesumbuliwa na mchanga na kina kifupi kwa miaka mingi. Nahodha anayeulalamikia mchanga huo analalamikia ukingo uliolimwa mahali asipopajua.

Zaidi ya nusu ya maji ya mito yanayoingia ziwa hili hutoka upande wa Tanzania, ingawa eneo letu la bonde ni dogo kuliko la Malawi. Chini ya kama mita 200 ziwa halina oksijeni, na rutuba inayozama huko hurudi juu kwa shida. Uhai uko kwenye tabaka la juu na kandokando, ndiko usipa waliko, ndiko kungu, wale inzi wadogo, wanakopanda kama moshi juu ya maji jioni. Kwa hiyo tunachokipeleka kutoka Rungwe na Kyela hakipotei baharini. Kinakaa nasi.

Ningeambiwa niiandike upya ile sheria ya mita 60, ningeomba kamba nne. Kwenye chemchemi, msitu wote. Kwenye vijito, mstari wa miti ya asili usiokatika, hata ukiwa mwembamba, na marufuku ya kusuuza bomba la dawa majini. Katikati, kokoto zisichotwe kabisa tangu mvua zinapoanza hadi zinapokwisha, na malori yapewe machimbo ya nchi kavu. Tambarare, mpaka upimwe kwa alama ya maji ya mafuriko makubwa na kwa mikondo ya zamani, ambayo kila mzee wa kijiji anaijua, hata kama ni mita 20 hapa na mita 600 pale. Nchi yetu ina mabonde 9, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ili mto usimamiwe kama mto, pasipo kujali mpaka wa wilaya. Ofisi za bonde zipo, jumuiya za watumia maji zipo, na vikundi vya BMU vya kusimamia uvuvi vipo. Kinachokosekana ni kikao kimoja. Nimekaa kwenye mikutano ya wakulima wa viazi bila kumwona mvuvi, na kwenye mikutano ya wavuvi bila kumwona mkulima wa viazi, na pande zote mbili nimekuwa mbeba salamu.

Basi nawaomba wenzangu wa BMU za Kyela: kabla mvua za Novemba hazijaanza, kodini Coaster moja mpande Rungwe. Nendeni na mbasa wawili watatu wa kupikwa. Mkifika, ondoeni kwanza malalamiko yenu kuhusu tope, semeni wenyewe kwamba msimu huu hakuna wavu utakaofunga mdomo wa mto mbasa wanapopanda, kisha waombeni wenyeji wenu ile mistari miwili ya miti.